Ukumbi wako una shoo, je mtu mwenye ulemavu anaingia? Mwongozo wa hatua kwa hatua

Maswali ni yale yale kila mara. Ukumbi wetu una ngazi, tufanyeje? Mkalimani wa lugha ya alama anakaa wapi? Hela ya kujenga upya hatuna, sasa tuache tu? Na lile linalorudi kuliko yote: mbona tulitengeneza rampu, ile njia ya mteremko badala ya ngazi, na bado watu wenye viti mwendo hawaji? Nimeyakusanya yote hapa. Soma uchukue linalokuhusu, iwe una ukumbi mkubwa wa tamthilia, kaukumbi ka muziki ka watu themanini, au unakodi jengo la mtu siku ya shoo tu.

Kabla hatujaenda mbali nikuambie kitu kimoja ambacho wengi wanakiruka. Ngazi zinamzuia mtu mlangoni, lakini kutojua atakutana na nini ndo kunamfanya asitoke nyumbani kabisa. Mtu aliyewahi kulipa tiketi, akapanda gari mpaka ukumbini, afu akaambiwa "pole, huku hakupitiki", huyo harudi tena na atawaambia wenzake. Kwa hiyo kazi yako kubwa ni kuhakikisha hakuna anayeshtukizwa, mengine yote yanajengwa juu ya hilo.

Na sio watu wachache. Shirika la Afya Duniani linasema watu kama bilioni 1.3 wanaishi na ulemavu mkubwa, yaani mmoja kati ya kila sita. Pia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, wa mwaka 2006, una kipengele kizima, cha 30, kinachosema kushiriki sanaa na utamaduni ni haki. Basi, nadharia imeisha, twende kazini.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Tepu ya kupimia, pimamaji ya mafundi, na ubao ulionyooka wa sentimita 120. Ubao una kazi yake, utaiona hatua ya tatu.
- Simu ya kupigia picha na daftari. Picha utazihitaji baadaye kwa ajili ya wageni, sio kumbukumbu yako tu.
- Mchoro wa ukumbi, hata wa kuchora kwa mkono.
- Watu wenye ulemavu wenyewe, angalau watatu na wa aina tofauti: anayetumia kiti mwendo, asiyeona au mwenye uoni hafifu, na kiziwi. Ukimpata na mtu mwenye usonji au mzazi wa mtoto mwenye usonji ndo vizuri zaidi. Na walipwe. Wanakuja kukufanyia kazi ya kitaalamu, usiwaite "waje watoe maoni" afu uwaage kwa kuwapa mkono.
- Mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema "fanyeni". Bila huyu utaishia kuwa na ripoti nzuri kwenye droo.
- Kanuni za majengo na za zimamoto za nchi yako. Vipimo vingi nitakavyotaja ni vya kanuni za Marekani za mwaka 2010, zile zinazotokana na sheria yao ya ulemavu ya 1990, nimezitumia kwa sababu zina namba zilizo wazi. Ila kanuni za kwenu ndo zinatawala, zikidai zaidi ya hapa fuata zenyewe.

Hatua ya 1: Tembea safari nzima ya mgeni

Usianzie ndani ya ukumbi. Anzia pale gari linaposhusha watu, nenda mpaka dirisha la tiketi, mlangoni, kwenye siti, chooni, sehemu ya vinywaji, rudi kwenye siti, afu toka kama vile shoo imeisha na watu wote wanatoka kwa pamoja. Tembea na wale watatu uliowalipa, na wewe nyamaza, andika wanachosema. Fanya hivo mara mbili, ukumbi ukiwa mtupu na siku yenye shoo, maana siku ya shoo ndo utakuta mabango yamesimamishwa katikati ya korido, nyaya za spika zimepita sakafuni, na mlango mpana umefungwa kwa kufuli kwa sababu "siku hizi tunatumia ule mwingine".

Pima kila mlango. Hapa watu wanakosea sana, wanapima fremu kwa fremu wanapata namba nzuri wanafurahi. Fungua mlango nyuzi 90, afu pima kutoka uso wa mlango wenyewe mpaka fremu ya upande wa pili, hiyo ndo nafasi ambayo kiti kinapita kweli. Inatakiwa isipungue kama sentimita 81. Korido na njia za kupita zisipungue sentimita 91, na mahali ambapo mtu anahitaji kugeuza kiti mwendo awe na duara la upana wa sentimita 152. Kama umekosa sentimita mbili tatu mlangoni usikimbilie kubomoa ukuta, angalia kwanza kama kuna bawaba zinazousogeza mlango utoke kabisa kwenye njia, au kama ukiung'oa mlango wenyewe kuna anayepungukiwa na kitu.

Hatua ya 2: Andika ukweli na uuweke hadharani

Najua wengine wanaweka hii mwishoni kabisa baada ya ujenzi. Mimi nakuambia ifanye wiki hii hii, kabla hujanunua hata msumari, kwa sababu haina gharama na ndo inayomsaidia mtu kuamua kama anakuja au haji.

Tengeneza ukurasa mmoja, na tangazo la kila shoo lielekeze hapo. Andika vitu kama hivi: "Mlango mkuu una ngazi tatu. Mlango wa upande wa kushoto hauna ngazi, upana wake sentimita 85, mhudumu yupo hapo kuanzia saa moja kabla ya shoo. Choo chenye nafasi ya kiti mwendo kipo chini, kwenye njia isiyo na ngazi. Hatuna kifaa cha kusaidia kusikia. Shoo ina taa za kumeta dakika ya arobaini hivi." Weka picha za mlango, za njia, za choo. Weka namba ya simu NA ya meseji NA barua pepe, maana kiziwi hawezi kukupigia na asiyeona anaweza asipende kujaza fomu yenye vitufe visivyo na majina.

Onyo: usiandike "ukumbi wetu unafikika kwa wote". Hakuna ukumbi wa hivo. Hiyo sentensi haimsaidii mtu yeyote kujua kama kiti chake kitapita.

Na tangazo likiwa picha tupu iliyoandikwa kila kitu ndani yake, programu ya kusoma skrini wanayotumia wasioona haioni maandishi hayo. Jina la shoo, tarehe, saa na mahali viandikwe pia kama maandishi ya kawaida chini ya picha, ni dakika mbili tu.

Hatua ya 3: Mlango na rampu

Kanuni ya rampu ni moja kwa kumi na mbili, yaani kila sentimita moja ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu. Ngazi moja ya sentimita 17 inataka rampu ya zaidi ya mita mbili. Ndio, mita mbili kwa ngazi moja, ndo maana ule ubao wa mlango mliouegemeza pale hausaidii, unamrudisha mtu kinyumenyume. Rampu ikishapanda sentimita 76 inatakiwa iwe na sehemu tambarare ya kupumzikia, ya kama mita moja na nusu, ndo iendelee. Pande zote mbili ziwe na kingo ili gurudumu lisichomoke, na rampu ikiwa imepanda zaidi ya sentimita 15 weka vyuma vya kushika.

Kama rampu mnayo tayari, ipime. Chukua ule ubao wa sentimita 120, mwisho mmoja uguse rampu upande wa juu, mwisho mwingine uuinue hewani mpaka pimamaji ikuambie ubao umelala sawa. Sasa pima nafasi iliyobaki kati ya mwisho ulioinuliwa na rampu. Sentimita 10 au chini yake, uko salama. Ukipata 14 au 15, rampu yako ni kali mno na huenda ndo jibu la kwanza la swali lako la kwa nini hawaji. Rudia sehemu mbili tatu, rampu nyingi zina tumbo katikati.

Rampu ya kubebeka inafaa kwa ngazi moja au mbili, ila iwe imeshawekwa kabla mgeni hajafika. Mtu asisimame nje ya mlango akiangaliwa na foleni nzima huku mnatafuta nani ana ufunguo wa stoo.

Na jambo hili naliombea kabisa: mlango usio na ngazi ukiwa ni ule wa nyuma, karibu na mapipa ya taka, usafishe, uweke taa, uweke kibao cha kuelekeza na mhudumu anayekaribisha. Mtu amelipa tiketi sawa na wengine.

Hatua ya 4: Siti

Nafasi ya kiti mwendo kimoja ni upana wa sentimita 91 na kina cha sentimita 122 kama mtu anaingilia mbele au nyuma. Kama analazimika kuingilia ubavuni kina kiwe sentimita 152. Idadi, kwa zile kanuni za Marekani, ukumbi wa siti 51 hadi 150 uwe na nafasi 4, wa 151 hadi 300 uwe na 5, wa 301 hadi 500 uwe na 6. Kila nafasi iwe na siti ya kawaida pembeni yake kwa ajili ya mtu aliyekuja naye. Watu wanakuja kwenye shoo na wapenzi wao, marafiki, watoto, kumkalisha mtu peke yake mbele kabisa halafu mke wake safu ya kumi nyuma ni kuwaharibia usiku wao.

Usiziweke zote sehemu moja. Zisambaze, mbele, katikati, na za bei tofauti kama tiketi zako zina bei tofauti.

Sasa mtihani wa macho. Macho ya mtu aliyekaa kwenye kiti mwendo huwa kwenye kimo cha kama sentimita 110 hadi 130 kutoka sakafuni. Vuta kiti mpaka pale pale unapotaka kuweka nafasi, kaa, afu waambie wenzako wanne wasimame safu ya mbele yako wapige makofi. Unaona jukwaa? Kama ni ukumbi wa muziki ambako watu wanasimama shoo nzima utakuwa unaona migongo tu, kwa hiyo utahitaji kijukwaa cha kuinua nafasi hizo, chenye rampu na kingo. Na waweke wahudumu jicho, maana dakika ya kwanza tu kitavamiwa na watu wanaotaka kurekodi video.

Onyo la usalama: nafasi ya kiti mwendo haiwi kwenye njia ya kutokea. Ukimweka mtu katikati ya njia umehatarisha yeye na wote walio nyuma yake, na zimamoto wakija watafunga shoo. Toa siti mbili tatu mwishoni mwa safu, hapo ndo pake.

Usisahau wasiotumia kiti mwendo. Anayetembea kwa magongo anataka siti ya pembeni yenye mkono unaonyanyuka na sehemu ya kulaza magongo. Mtu mfupi sana wa kimo anataka siti isiyo nyuma ya mtu mrefu, na kitu cha kuegemeza miguu. Mwenye ualbino au uoni hafifu mara nyingi anataka kukaa karibu na jukwaa lakini sio pale taa inapompiga machoni.

Hatua ya 5: Choo

Hapa nitasema kwa kifupi kwa sababu jibu linajulikana. Mlango ufungukie nje, kuwe na ile duara ya sentimita 152 ndani, vyuma imara vya kushika pembeni na nyuma ya choo, sinki ambalo magoti yanaingia chini yake, na kamba ya kuita msaada inayofika karibu na sakafu, maana aliyeanguka yuko sakafuni. Hiyo kamba usiifunge juu eti inasumbua wakati wa kudeki.

Na kiukweli kosa kubwa ninalolikuta sio la ujenzi. Choo kipo, kizuri kabisa, ila kimejaa ndoo, mifagio na viti vibovu, na ufunguo ameondoka nao mtu. Mpe mtu mmoja kazi ya kukikagua saa moja kabla ya kila shoo.

Hatua ya 6: Wageni viziwi na wenye usikivu hafifu

Hawa ni makundi mawili na mahitaji yao hayafanani. Kiziwi anayetumia lugha ya alama anataka mkalimani. Aliyepoteza usikivu ukubwani mara nyingi hajui lugha ya alama, anataka maandishi au sauti safi zaidi.

Mkalimani: tafuta mwenye uzoefu wa jukwaa, na muulize yule kiziwi uliyemlipa amthibitishe, maana wewe huwezi kujua kama anaeleweka. Hakikisha anajua lugha ya alama ya nchi yako, maana zinatofautiana. Mpe maandishi ya mchezo na maneno ya nyimbo wiki mbili kabla, na umkaribishe kwenye mazoezi. Shoo ndefu inataka wakalimani wawili wanaopokezana, mikono na akili vinachoka baada ya nusu saa hivi. Asimame karibu na wanapoigizia, sio kona ya mbali nyuma ya spika ambako mtu inabidi achague kuangalia mkalimani au kuangalia mchezo. Awe na taa yake ambayo haizimwi hata jukwaa likiwa giza, na nguo ya rangi moja inayoachana na rangi ya ngozi yake. Afu zile siti zinazomuona vizuri zizuie mpaka viziwi wanunue, usiziuze kwanza.

Maandishi: yanaonekana kwenye skrini pembeni ya jukwaa au kwenye tableti. Yaandaliwe mapema, na siku ya shoo awepo mtu anayeyasukuma mstari kwa mstari akifuata waigizaji, asitangulie akaharibu kichekesho kabla hakijasemwa. Yaandike na sauti pia: mlango unabamizwa, ngoma inaanza mbali. Programu za kubadili sauti kuwa maandishi zenyewe zinasaidia kwenye mazungumzo ya baada ya shoo, ila kwenye wimbo na kelele za bendi zinaandika vituko, usizitegemee.

Sauti: lupu ni waya unaozungushwa ukumbini na kupeleka sauti ya maiki moja kwa moja kwenye shimesikio, yaani kile kifaa cha kusikia ambacho mgeni ameshavaa sikioni, lenye swichi ya T. Mgeni anabonyeza swichi yake tu, habebi kifaa kingine chochote. Njia nyingine ni vifaa vya infraredi (mwanga usioonekana) au vya redio ambavyo mnawapa wageni wavae shingoni. Chochote utakachochagua, kiwe kimewashwa na kupimwa kabla ya kila shoo, kibao cha alama ya sikio kiwepo, na mtu wa dirisha la tiketi ajue kama mnacho. Kumbi ngapi zina lupu iliyofungwa vizuri na hakuna mfanyakazi anayejua swichi iko wapi.

Hatua ya 7: Wageni wasioona

Kuna kitu kinaitwa maelezo ya sauti. Msimulizi anakaa chumba kidogo au kona iliyozibwa sauti, anaangalia shoo, na katikati ya maneno ya waigizaji anaeleza kinachoonekana, mgeni anasikia kwenye kifaa cha sikioni. Kazi hii ilianza kushika kwenye majumba ya maigizo mwanzoni mwa miaka ya 1980 pale Arena Stage jijini Washington, na mmoja wa walioisukuma, Margaret Pfanstiehl, yeye mwenyewe alikuwa amepoteza uoni. Sheria ya msimulizi ni fupi: sema unachokiona, usiseme unachokifikiria. "Anakunja barua mara nne, anaificha kiatuni", sio "anaogopa sana". Na asizungumze juu ya maneno ya mwigizaji.

Kama hilo bado liko mbali, anza na ziara ya kugusa. Saa moja na nusu kabla ya shoo waalike wageni wasioona wapande jukwaani, watembee, waguse meza, upanga, vitambaa vya nguo za waigizaji, na kila mwigizaji ajitambulishe kwa sauti yake ya kwenye mchezo. Hakuna kifaa cha kununua hapo. Shoo ikianza mtu akisikia kiti kinaburutwa anakijua ni kile chenye mguu uliolegea, na sauti ikisema neno la kwanza anajua ni nani.

Ukingo wa kila ngazi upake mstari wa rangi inayoachana na sakafu. Huu unawasaidia wenye uoni hafifu na kila mtu anayeingia kwa kuchelewa gizani. Programu ya shoo iwe na nakala za maandishi makubwa, na nyingine ya kusikiliza uitume kabla kwa simu. Nukta nundu ukiweza. Mbwa mwongozaji anaingia na mwenyewe, mpe siti yenye nafasi miguuni.

Hatua ya 8: Shoo tulivu

Hizi ni kwa watu wenye usonji, wenye ulemavu wa akili, wenye wasiwasi mkubwa, na yeyote ambaye kukaa kimya gizani masaa mawili ni mateso. Mchezo unabaki ule ule. Unachobadilisha: taa za ukumbini zinabaki nusu, sauti za ghafla zinashushwa, taa za kumeta zinaondolewa, milango haifungwi, mtu anaweza kutoka na kurudi, kuongea, kusimama. Uza siti chache kuliko kawaida ili watu wapate nafasi. Tenga chumba cha utulivu karibu, chenye mwanga hafifu, na mtu asihojiwe kwa nini anaingia. Wiki moja kabla tuma picha za ukumbi na maelezo ya kitakachotokea: utaingia hapa, utampa tiketi mtu mwenye fulana hii, taa zitapungua, kutakuwa na mlio mkubwa mmoja, huu hapa.

Waigizaji waandae pia, waambiwe kelele zitakuwepo na sio dharau.

Kuhusu taa za kumeta, hili ni la kila shoo, sio tulivu tu. Kwa watu wenye kifafa kinachochochewa na mwanga, hatari kubwa iko kwenye mimweko ya kati ya 3 na 30 kwa sekunde. Ikiwa fundi wako wa taa anaweza kuishi bila hiyo, iondoe. Ikibaki, itangaze kwenye tiketi, kwenye tangazo na mlangoni, na useme iko sehemu gani ya shoo.

Hatua ya 9: Tiketi na wahudumu

Mtu aweze kununua siti ya kiti mwendo kwa njia ile ile wanayonunua wengine. Kama wengine wananunua mtandaoni usiku wa manane na yeye lazima apige simu saa za kazi, hapo bado. Msaidizi anayekuja kwa ajili ya kumsaidia mgeni aingie bure, yule hajaja kustarehe, bila yeye mgeni haji. Usidai cheti cha daktari.

Wahudumu wape mafunzo nusu siku, na anayefundisha awe mtu mwenye ulemavu. Mambo ya msingi:

- Ongea na mgeni mwenyewe, sio na aliyekuja naye.
- Kiti mwendo usikiguse wala kukiegemea bila ruhusa, ni kama sehemu ya mwili wake.
- Asiyeona usimshike mkono ukamvuta. Mpe kiwiko chako ashike yeye, tembea nusu hatua mbele, sema "ngazi, kupanda, ziko tatu".
- Kiziwi muangalie usoni, usizibe mdomo, ukishindwa andika kwenye simu.
- Uliza "nikusaidieje?" na jibu likiwa "niko sawa", ondoka.

Hatua ya 10: Siku moto ukitokea

Hii wanaisahau karibu wote. Mmemuingiza mtu ghorofa ya pili kwa lifti, king'ora kikilia lifti haitumiki, sasa? Lazima kuwe na mpango ulioandikwa: sehemu salama ya kusubiria, kiti cha kushushia watu ngazi, na wahudumu wawili kila shoo waliofanya mazoezi nacho wakiwa wamekaliwa na mtu kweli. King'ora kiwe na taa inayowaka, na vyooni pia, maana kiziwi aliye chooni peke yake hasikii chochote. Ongea na zimamoto wa kwenu wapitie mpango wenyewe.

Hatua ya 11: Jukwaa lenyewe

Hapa ndo moyo wangu ulipo. Kumbi nyingi zinajiandaa kumpokea mtu mwenye ulemavu kama mtazamaji, halafu jukwaa lina ngazi tano na chumba cha kubadilishia nguo kiko juu kabisa. Mwaka 2019 mwigizaji Ali Stroker alikuwa mtu wa kwanza anayetumia kiti mwendo kushinda tuzo ya Tony, tuzo kubwa ya maigizo Marekani, na ilibidi asubiri nyuma ya jukwaa badala ya kukaa na wenzake, kwa sababu hakukuwa na rampu ya kutoka kwa watazamaji kupanda jukwaani. Usiku wa ushindi wake.

Kwa hiyo pima nyuma kama ulivyopima mbele. Njia ya kupanda jukwaani, choo cha wasanii, kioo na meza ya chumba cha nguo kwa kimo cha aliyekaa, kibanda cha fundi taa na fundi sauti. Na ukiandika tangazo la kutafuta waigizaji sema wazi kwamba wenye ulemavu wanakaribishwa na utaje mazingira yalivyo. Wapo wanaofanya hii kazi miaka mingi, kundi la maigizo la Graeae la Uingereza, linaloongozwa na wasanii wenye ulemavu, lilianzishwa 1980 na wao huingiza mkalimani na maandishi ndani ya mchezo wenyewe tangu siku ya kwanza ya mazoezi. Mkalimani akiwa mhusika ndani ya mchezo, watazamaji wote wanamfuata.

Ukikwama

*Jengo ni la zamani, haturuhusiwi kuligusa.* Rampu ya kubebeka, kubadilisha mlango unaotumika, kuhamishia shoo ghorofa ya chini, na ule ukurasa wa ukweli. Hivyo vinne havigusi ukuta.

*Tunakodi tu.* Uliza kabla ya kusaini: milango ina upana gani, choo kiko wapi, lifti inafanya kazi, jukwaa linapandwaje. Nenda na tepu yako, usikubali kuambiwa "hamna shida".

*Hela ni kidogo, tuanze na nini?* Ukurasa wa taarifa, usafi wa choo, mafunzo ya wahudumu, mistari kwenye ngazi, ziara ya kugusa. Rampu ifuate. Lupu na maelezo ya sauti baadaye, na vifaa vyake vingi vinaweza kukodiwa au kutumiwa kwa kushirikiana na ukumbi mwingine.

*Lupu inanguruma.* Mara nyingi ni mitambo ya kupunguza taa au nyaya za umeme zilizo karibu. Zima taa moja moja usikilize. Chuma kingi sakafuni nacho kinaidhoofisha. Na kama mna kumbi mbili zilizopakana, sauti ya huku inaweza kuvujia kule, hapo mwite fundi anayezijua au hamia infraredi.

*Lifti imekufa saa mbili kabla ya shoo.* Wapigie au watumie meseji wote waliokata siti zinazohitaji lifti, sasa hivi, kabla hawajatoka nyumbani. Wape kuchagua: siku nyingine au hela yao yote. Usijitolee kumbeba mtu na kiti chake juu, mnaweza kumuangusha, na viti vya umeme ni vizito mno.

*Nafasi ya kiti mwendo imeuzwa kwa mtu asiyeihitaji.* Zifungie kwenye mfumo, zifunguliwe kwa wengine pale tu siti nyingine zote zikiisha. Na wakati wa kukata weka swali moja tu: unahitaji nafasi hii kwa sababu ya ulemavu? Wengi wanajibu ukweli.

*Watazamaji wanalalamika kelele kwenye shoo tulivu.* Ilitangazwa vizuri? Kama ndiyo, waeleze kwa upole wabadilishe tiketi waje siku nyingine, ila yule mtoto anayeongea abaki. Kama haikutangazwa, kosa ni la tangazo, rekebisha kabla ya inayofuata.

*Tumefanya yote na bado hawaji.* Shoo moja yenye mkalimani kwa mwaka haijengi mazoea. Weka ratiba inayojulikana, mfano Jumamosi ya kwanza ya kila mchezo. Peleka taarifa kwenye vyama vya viziwi, vya wasioona, vya wazazi, wiki sita kabla sio siku mbili, na kwa viziwi tengeneza video fupi ya lugha ya alama badala ya bango. Angalia na usafiri, shoo ikiisha saa tano usiku mtu mwenye kiti mwendo anarudije? Wakati mwingine kuihamishia mchana saa tisa ndo kunawaleta.

*Mgeni amelalamika kwenye mitandao.* Mjibu siku hiyo hiyo, muulize nini hasa kilitokea, na mwambie mtarekebisha nini na lini. Ikishatengenezwa mtumie picha, afu umuulize kama yuko tayari kuja kuikagua kwa malipo.